Sakafu ya Mbao Nyumbani

Nyumba ina sehemu tatu tunazoziona kila siku. Kuna paa, kuna kuta, na kuna sakafu. Paa tunalifikiria sana. Mtu yuko tayari kuuza ng'ombe ili apate mabati. Kuta nazo tunazijenga vizuri, kwa sababu hapa Ufipa watu wengi wanajua kufyatua matofali na kuyachoma. Lakini sakafu tunaiacha nyuma. Tunasema, "Sakafu itakuja baadaye." Miaka inapita, na hiyo baadaye haifiki. Watoto wanatambaa juu ya vumbi, wanakula juu ya vumbi, na wanalala juu ya vumbi.

Katika somo hili tutazungumza juu ya sakafu. Tutaeleza hasa sakafu ya mbao ngumu: mbao gani zinafaa, zinakaushwaje, zinahesabiwaje, na zinapigiliwaje. Fundi ndiye atakayefanya kazi. Lakini mwenye nyumba anayejua kazi hadanganywi.

1. SAKAFU NA AFYA

Sakafu ya udongo ikikauka hutoa vumbi na nyufa. Ndani ya vumbi na nyufa hizo wadudu hupata makao.

Mdudu wa kwanza ni funza. Funza hukulia katika vumbi kavu. Huingia katika ngozi ya miguu, hujaa mayai humo, kisha huyatoa nje. Mtu mwenye funza wengi hushindwa kutembea, na mtoto hushindwa kwenda shule.

Mdudu wa pili ni kiroboto. Watoto wa viroboto hukulia katika vumbi la sakafu isiyofagiwa.

Mdudu wa tatu ni papasi. Papasi ni aina ya kupe. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, humwuma mtu aliyelala, kisha hurudi kujificha. Papasi anaweza kuishi miaka kadhaa bila kula. Huleta homa ya papasi. Homa hiyo humshika mtu siku chache, humwacha kama wiki moja, kisha hurudi tena. Ni hatari sana kwa mama mjamzito, kwa sababu inaweza kuharibu mimba.

Habari hizi za papasi si mpya. Mwaka 1905 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alichunguza papasi katika nchi yetu, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wajerumani. Aliona kwamba papasi ndiye anayebeba homa hiyo. Mwaka huo huo madaktari wawili, Dutton na Todd, walikuwa wakichunguza jambo hilo hilo katika Kongo. Dutton mwenyewe alipata homa hiyo, akafa huko Kasongo.

Tuangalie na nchi nyingine. Mwaka 2000, katika jimbo la Coahuila nchini Meksiko, serikali ilianza kuwasaidia watu maskini kuweka zege badala ya sakafu ya udongo. Baadaye wataalamu waliwapima watoto wa nyumba hizo. Waliona kwamba minyoo, kuhara na upungufu wa damu vilikuwa vimepungua. Watoto hawakupewa dawa mpya. Sakafu tu ndiyo iliyobadilishwa.

Sisi wenyewe tuna historia ya namna hiyo. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi. Walisikiliza redio, walisoma vitabu, kisha walikwenda kusafisha nyumba na kuchimba vyoo. Walijifunza kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Sakafu nzuri ni kinga.

2. AINA TATU ZA SAKAFU

Sakafu ya udongo. Hii haina gharama kubwa. Ikishindiliwa vizuri, ikasilibwa mara kwa mara na nyufa zikazibwa, hupunguza wadudu. Lakini inataka kazi kila wiki. Anayechoka kusiliba, nyumba yake hurudi kwenye vumbi.

Sakafu ya saruji. Hii ni imara, huoshwa kwa maji, na haichomwi na moto. Inafaa sana jikoni na sebuleni. Ubaya wake ni baridi.

Sakafu ya mbao. Hii huhifadhi joto, haitoi vumbi, na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Ubaya wake ni gharama, na hofu ya mchwa, maji na moto.

Kwa nini tuzungumze juu ya mbao hapa Kasense? Sababu ni baridi. Uwanda wa Ufipa uko juu. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na wa Julai upepo ni mkali, na saruji huwa baridi kama jiwe la mtoni. Mtoto mchanga au mzee akilala karibu na saruji hiyo, anaumia. Mbao haipitishi baridi upesi kama saruji.

Basi si lazima nyumba nzima iwe ya mbao. Anza na chumba kimoja cha kulala. Vyumba vingine weka saruji.

3. MBAO GANI ZINAFAA

Mbao inayosifiwa zaidi ni mninga. Mninga ni mti wa miombo. Unaota katika misitu ya Katavi, ambayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa mpaka mwaka 2012, na katika sehemu nyingine nyingi za Tanzania. Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Ubao wake ukishakauka haupindi ovyo wala haunywei sana. Kwa hiyo unafaa kwa sakafu.

Lakini angalia. Mti wa mninga una sehemu mbili. Katikati kuna kiini chenye rangi ya kahawia. Nje kuna sehemu nyeupe. Kiini huwashinda mchwa kwa muda mrefu. Sehemu nyeupe huliwa na wadudu upesi. Unaponunua, geuza kila ubao utazame pande zote. Ubao wenye weupe mwingi usiununue kwa bei ya mninga.

Mti mwingine ni mkaratusi. Mikaratusi imepandwa kwa wingi hapa uwandani. Ubao wake ni mgumu na bei yake ni nafuu. Lakini hupasuka na kupinda ukikaushwa haraka. Anayetaka mkaratusi lazima awe mvumilivu katika kukausha.

Paini si mbao ngumu. Inaweza kutumika, lakini huchubuka upesi, na bila dawa huliwa na mchwa.

Sasa tuseme juu ya sheria. Mninga hukua polepole. Mti unaofaa kupasuliwa mbao unaweza kuwa na umri wa miaka 80 au zaidi. Aliyeuona ukichipua ni babu, na anayeukata ni mjukuu. Ndiyo maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha. Unaponunua mbao, mwulize mwuzaji hati zake, na udai risiti. Mbao za bei ya chini sana zinazoletwa usiku zinaweza kukamatwa zikiwa kwako. Hapo utapoteza mbao na fedha, na huenda ukashtakiwa. Mwaka 1980 kulikuwa na kampeni ya kisomo iliyoitwa Misitu ni Mali. Maneno hayo ni ya kweli hata leo. Anayeweka sakafu ya mbao ni vizuri apande miti pia.

4. KUKAUSHA MBAO

Hii ndiyo sehemu ambayo watu wengi hukosea. Mtu hununua mbao mbichi leo, kesho fundi anapigilia. Baada ya miezi mitatu mbao zimenywea. Nafasi kati ya ubao na ubao inaingia kidole. Mbao nyingine zimepinda na kung'oa misumari. Fedha imepotea.

Ubao ni kama sifongo. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, hunywa unyevu na kupanuka. Wakati wa kiangazi hutoa unyevu na kunywea. Ubao mbichi hunywea zaidi. Kwa hiyo kausha kwanza.

Fanya hivi:

(a) Chagua mahali penye kivuli na upepo. Usianike mbao juani, zitapasuka.

(b) Weka matofali chini, ili mbao zisiguse udongo.

(c) Panga mbao safu moja. Juu yake weka vijiti vikavu vyenye unene sawa, kila baada ya futi 2. Kisha panga safu nyingine. Vijiti vya juu vikae sawasawa juu ya vijiti vya chini.

(d) Paka rangi au nta kwenye vichwa vya mbao, ili visipasuke.

(e) Weka mawe mazito juu, na funika kwa mabati kuzuia mvua.

Ubao wa unene wa inchi 1 huhitaji muda wa karibu mwaka mmoja. Utajuaje kwamba umekauka? Kata kipande kidogo katikati ya ubao mmoja. Kipime kwenye mizani ya dukani, uandike uzito wake na tarehe. Kiweke pamoja na mbao. Kipime tena baada ya wiki mbili. Kama uzito umepungua, mbao bado. Kama uzito haupungui tena, mbao zimekauka. Hapa tunaona faida ya kujua kusoma na kuandika. Bila kuandika uzito wa kwanza, huwezi kujua.

5. HESABU YA MBAO

Tuchukue mfano wa chumba chenye urefu wa futi 12 na upana wa futi 10. Tunanunua mbao za inchi 1 kwa 6, zenye urefu wa futi 12. Mbao zitalala kufuata urefu wa chumba.

Ubao wa inchi 6 ukipigwa randa hubaki kama inchi 5 na nusu.
Upana wa chumba ni futi 10. Futi 10 ni inchi 120.
120 ÷ 5.5 = 21.8. Kwa hiyo tunahitaji mbao 22.
Ongeza mbao 2 kwa ajili ya zitakazoharibika. Jumla ni mbao 24.

Chini ya mbao kuna boriti. Boriti ni mbao za inchi 2 kwa 4, zenye urefu wa futi 10. Zinalala kukata mbao za juu. Kutoka katikati ya boriti moja mpaka katikati ya nyingine iwe kama inchi 16.

Urefu wa chumba ni futi 12. Futi 12 ni inchi 144.
144 ÷ 16 = 9. Hizo ni nafasi 9. Nafasi 9 zina boriti 10.

Misumari: kila ubao hupigiliwa misumari 2 kwenye kila boriti.
Mbao 22 × boriti 10 × misumari 2 = misumari 440.

Andika hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kwenda kwa mwuzaji. Fundi akikwambia ununue mbao 40, mwonyeshe karatasi, mhesabu pamoja.

6. KAZI YENYEWE

Sheria ya kwanza: ubao usiguse udongo. Ubao ukigusa udongo hupata unyevu na mchwa.

Kama nyumba ni mpya, fikiria sakafu wakati wa msingi. Jenga ndani ya chumba kuta fupi tatu za matofali, moja kila upande na moja katikati. Zifikie kimo cha futi 1 au zaidi. Boriti zitalala juu yake. Katika kuta za nje acha matundu ya hewa, yanayotazamana upande huu na ule. Upepo ukipita chini, mbao hazitaoza. Ziba matundu hayo kwa wavu wa chuma, la sivyo panya watahamia humo.

Juu ya kila ukuta mfupi weka kipande cha bati kinachotokeza pande zote mbili na kuinama chini kidogo. Mchwa hawezi kupita bila kujenga njia yake ya udongo juu ya bati, nawe utaiona na kuivunja.

Kama nyumba ni ya zamani, kuinua sakafu futi nzima hakuwezekani. Mlango utakuwa mfupi na watu watagonga vichwa. Basi weka zege kwanza, uliache likauke. Lijaribu hivi: tandika kipande cha nailoni juu yake usiku na mchana, pembe zake zikigandamizwa kwa mawe. Ukifunua na kukuta matone ya maji, zege bado ni bichi. Likikauka, tandika nailoni chumba kizima. Juu yake laza fito za mbao za inchi 2 kwa 2, halafu mbao. Sakafu itapanda inchi 3. Mlango utakatwa inchi 3 tu.

Kazi ya kupigilia inafuata hatua hizi:

Hatua ya 1. Pima boriti au fito kwa pima maji. Zote ziwe sawa. Penye kushuka weka kipande cha ubao mgumu chini yake.

Hatua ya 2. Anza ukutani. Acha nafasi ya nusu inchi kati ya ubao na ukuta, pande zote nne. Ubao wa futi 12 utakatwa uwe futi 11 na inchi 11. Nafasi hii ni ya lazima. Mbao zikipanuka wakati wa masika zitaingia hapo. Zikikosa nafasi zitasukumana na kuinuka katikati ya chumba. Nafasi hiyo hufichwa na ubao mwembamba unaopigiliwa ukutani, chini kabisa.

Hatua ya 3. Toboa kwa keekee kabla ya kupiga msumari. Tundu liwe jembamba kuliko msumari. Mbao ngumu haitaki nguvu. Ukipiga bila kutoboa, ubao utapasuka au msumari utapinda. Tumia misumari ya inchi 2 na nusu.

Hatua ya 4. Sukuma ubao wa pili kwa kabari mpaka ukutane na wa kwanza. Kama ni mwisho wa kiangazi, acha nafasi ndogo kama unene wa kadi, kwa sababu mbao zitapanuka mvua ikija. Kama ni wakati wa mvua, bana kabisa. Fundi mwenye vifaa anaweza kuchonga ulimi upande mmoja wa ubao na mfereji upande wa pili. Ulimi ukiingia katika mfereji, vumbi halipiti. Hiyo ndiyo njia bora zaidi.

Hatua ya 5. Zamisha vichwa vya misumari, piga randa, kisha piga msasa. Funga kitambaa puani na mdomoni. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua.

Hatua ya 6. Paka vanishi au nta. Nta ya nyuki inapatikana kwa warina asali. Iyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto. Iondoe motoni kabisa, uitoe nje, ndipo uchanganye na tapentaini mpaka iwe laini kama siagi. Tapentaini hushika moto, kwa hiyo isikaribie jiko. Sugua kwa kitambaa.

7. MOTO NA MKAA

Ndugu msomaji, sehemu hii usiiruke.

Wakati wa baridi watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani na haina harufu. Aliyelala haamki. Nyumba nzima inaweza kufa usiku mmoja.

Sakafu ya mbao hupunguza baridi, lakini haiondoi hatari hii. Tena inaongeza hatari ya pili. Kaa moja likianguka juu ya mbao huwasha nyumba. Kwa hiyo jiko la mkaa, mafiga na kibatari visiwekwe juu ya sakafu ya mbao. Chumba cha mbao ni cha kulala, si cha kupikia. Ukisikia baridi, ongeza blanketi, wala usiongeze mkaa.

8. KUITUNZA SAKAFU

Fagia kila siku. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usimwage ndoo ya maji. Nyufa zikitokea, ziziba, maana papasi na viroboto hawachagui kati ya ufa wa udongo na ufa wa mbao. Kila mwezi chungulia matundu ya hewa na bati la mchwa. Kila mwaka, kabla ya mvua, paka nta upya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na kama huna uwezo wa mbao mwaka huu, usikate tamaa. Siliba sakafu ya udongo, ziba nyufa, vaa viatu, inua kitanda. Mwaka kesho weka saruji chumba kimoja. Nunua mbao chache chache, uzipange kivulini zikauke. Mbao zinazosubiri vizuri haziharibiki. Zinazidi kuwa bora.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja wadudu watatu wanaokaa katika sakafu ya udongo. Je, katika kijiji chenu wapo wadudu gani?
2. Kwa nini ubao mbichi haufai kwa sakafu?
3. Chumba kina upana wa inchi 99. Kila ubao una upana wa inchi 5 na nusu. Mbao ngapi zinahitajika, kabla ya kuongeza za akiba?
4. Kwa nini tunaacha nafasi ya nusu inchi ukutani?
5. Je, kuna watu hapa kijijini wanaolala na jiko la mkaa? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini kabla ya mwezi wa Juni?

MANENO MAPYA

Boriti: ubao mnene unaobeba sakafu.
Kabari: kipande cha mti kilichochongwa chembamba upande mmoja, cha kubania.
Keekee: kifaa cha kutobolea mbao.
Pima maji: kifaa cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa.
Randa: kifaa cha kulainisha ubao.
Siliba: kupaka udongo sakafuni au ukutani.